Wito wa Tatu

Mjimwema, Kigamboni
14 Januari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua nikikutafuta huwa nina shida, na leo pia ninayo, ila siyo ile uliyoizoea.

Niko soba, nyumba ya kuachia unga. Ndiyo, mie Yasmini, niliyekuwaga nasema soba ni jela ya watu wasiojiweza. Leo ni siku ya kumi na mbili sijagusa unga. Wiki ya kwanza arosto, yale maumivu ya kuacha, ilinitoa machozi, makamasi na matusi. Braza Suhaib, msimamizi wetu, ambaye naye alikuwa teja miaka tisa, akawa ananiletea uji na kukaa pembeni. Sasa nakula, nalala. Simu ni marufuku mpaka miezi sita iishe, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Barua zinapita kwa Adelina.

Adelina ni dada wa Kivuli Chetu, kile kituo cha huduma za familia pale Tegeta. Nataka uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Mwezi wa kumi na mbili nilimfungia Najat ndani kule Gongo la Mboto, nikatoka kidogo. Kidogo yangu ikawa siku mbili. Majirani walivunja mlango wakamkuta anakula sukari kwenye kopo. Mtoto wa miaka minne, mama. Adelina ndiye aliyekuja kumchukua, na kesho yake akarudi kunitafuta mie, wakati wengine wote walikuwa wananitafuta wanipige.

Najat sasa yuko Goba kwa mwalimu mmoja, Kamugisha, na mkewe. Wanaitwa walezi wa kuaminika. Wanakaa na mtoto wakati ndugu zake wanatafutwa, na ndugu ni wewe. Baba yake, Mashaka, yuko kaburini, mie niko huku. Adelina anasema kazi yao ni kumrudisha mtoto kwao. Lakini lazima kwanza kiwepo kikao cha familia, ofisini, mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii. Wanatoa wito mara tatu. Familia isipotokea mara zote tatu wanaandika kwamba haina nia, na jalada linakwenda mahakamani.

Kikao ni tarehe 31 Januari, saa nne asubuhi. Nenda, mama. Ukikaa kwenye kile kiti tu imekwisha, Najat analala Kunduchi siku hiyohiyo. Najua siku nilipomchukua nilikutukana. Nisamehe. Nenda tu.

Mwanao,
Yasmini


Kunduchi Mtongani
22 Januari 2024

Mwanangu Yasmini,

Marahaba, na marahaba tena. Mwandiko wako bado ni uleule wa kuku kuparua, ila leo nimeusoma mara nne. Siku kumi na mbili! Wewe hukuwahi kumaliza siku mbili bila kugombana na mtu. Mwambie huyo Suhaib mama yako anamwombea dua, na uji auongeze sukari.

La Najat na kopo limenikata maini, sikufichi. Nililia, nikaosha uso, nikasema basi, la kulia limepita. Nitakwenda. Nimeshamwambia jirani anishonee kigauni cha mtoto, na kile kitanda kidogo nimekitoa uani nikakipiga maji ya moto kwa ajili ya kunguni.

Najua una neno moyoni ila unaona haya kuliuliza. Miaka miwili iliyopita ulimbeba Najat ukaondoka hapa kwa sababu ya Mzee Kondo. Ulisema mtu aliyemfungia mlango mwanawe mwenyewe, Mashaka, mpaka akafia nje na unga wake, hana haki ya kunywa chai kwa mama yako. Ukaniapisha asikanyage tena. Mie niliapa. Basi tulia mwanangu, upone. Hapa nipo mie na paka.

Tarehe 31 nitakuwa mtu wa kwanza mlangoni pa hiyo ofisi, kabla hata mfagizi hajafika.

Mama yako,
Mwanaasha


Kivuli Chetu, Huduma za Familia
Tegeta
1 Februari 2024

Kwa Bi Mwanaasha,

Shikamoo mama. Jana tulikungoja kwenye kikao cha familia kuanzia saa nne hadi saa saba mchana. Ofisa wa ustawi alikuwepo, mtendaji wa mtaa alikuwepo, na mwalimu Kamugisha alimleta Najat akiwa amevaa viatu vipya. Nimepiga simu yako mara nne, haipatikani.

Naelewa mambo huweza kutokea, nasi hatumhukumu mtu kwa siku moja. Huu ni wito wa pili: Jumatano tarehe 21 Februari, saa nne, hapahapa ofisini. Fomu ya kujaza imo kwenye bahasha hii, na nakala yake ataisoma Yasmini. Kama kuna jambo lolote linalokuzuia, liwe kubwa au dogo, niandikie. Kazi yetu ni kusaidia familia ibebe mzigo wake, na hatuwezi kusaidia tusichokijua.

Wako katika kazi,
Adelina Valerian


Kunduchi Mtongani
5 Februari 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Nisamehe sana. Miguu imenivimba, kusimama ni kazi, na simu sina kwa sasa. Namtuma jirani akuletee karatasi hii.

Nina ombi. Kwa nini kikao msikilete hapa nyumbani? Nyumba ni yangu mwenyewe, haina bughudha, mtakunywa chai na vitumbua. Mje wanawake watupu, itapendeza zaidi. Mtoto mnaweza kumwacha hapahapa mkaondoka.

Msimwambie Yasmini kwamba sikufika. Yuko kwenye vita yake.

Mimi,
Mwanaasha


Tegeta
24 Februari 2024

Mama Mwanaasha,

Shikamoo. Wito wa pili umepita na kiti chako kilikuwa kitupu.

Uliomba kikao kiletwe kwako. Hatufanyi hivyo, na sababu ipo. Huko nyuma tulikuwa tunakabidhi watoto majumbani, tukakuta nyumba zimepambwa kwa siku moja, godoro la kuazima, na shangazi aliyeletwa kupika. Tangu hapo mtu wa familia anakuja mwenyewe ofisini, anakaa, anaulizwa, anasaini. Ni utaratibu mdogo lakini umeokoa watoto.

Hata hivyo nilijali habari ya miguu yako. Tarehe 14 nilimtuma mjitolea wetu, Mzee Apolinari, mwalimu mstaafu, aje kukujulia hali na kuona kama tukutafutie usafiri. Nanukuu alichoandika kwenye ripoti: "Nilipobisha hodi niliona kwa dirisha bibi akivuka sebule kwa haraka na kuingia chumbani. Anatembea vizuri. Jirani akatoka na kusema bibi hayupo. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Nilingoja nusu saa. Alijificha."

Mama, mimi nilizaliwa Ndanda, kwetu mtu mzima haulizwi kwa nini anadanganya, kwa hiyo sikuulizi. Nakuomba tu. Najat ameanza kuzoea Goba. Kila wiki inayopita inamzoesha zaidi. Wito wa tatu ni Jumatano tarehe 3 Aprili, na wa nne haupo.

Adelina Valerian


Tegeta
2 Machi 2024

Mpendwa Yasmini,

Habari za huko? Braza Suhaib ameniambia umeanza kuongoza kikundi cha asubuhi. Nimefurahi mno, nimewaambia wenzangu wote ofisini.

Kuhusu Najat usiwe na wasiwasi. Yuko salama, anakula vizuri, amenenepa mashavu. Kila asubuhi kuna mtu wa kumchania nywele na anaimba wakati wa kuchanwa. Mambo ya familia yanaendelea, mengine niachie mimi. Wewe sasa kazi yako ni moja, kupona.

Dada yako,
Adelina


Mjimwema
10 Machi 2024

Mama kipenzi,

Shikamoo! Siku ya sitini na nane leo. Adelina kanieleza kila kitu. Anakula, kanenepa, unamchania nywele asubuhi na anakuimbia! Nimesoma nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakadhani nimerudia unga.

Mama, asante. Sijui nikwambie nini zaidi, sie hatukuzoea kuambiana haya maneno. Nilikuwa naogopa ungeshindwa kwenda kikaoni kwa hasira ya matusi yangu. Usimsuke nywele za kubana sana, kichwa kinamuuma. Uji anaupenda wa mchele, usiweke pilipili manga. Akikataa kulala mwambie mama anahesabu siku, na kweli nahesabu.

Ramadhani njema. Niandikie analalaje, anasema nini, ananiulizia? Hata mistari miwili.

Yasmini wako


Kunduchi
19 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ramadhani imetufika salama.

Najat hajambo. Anajifanya anafunga, saa tano asubuhi nakuta amejaza tambi mdomoni anasema hajala. Wakati wa futari anakaa kabla ya watu wote. Analala kwenye kile kitanda kidogo, mguu mmoja ukutani kama wewe ulivyokuwa. Anakuulizia. Namwambia mama yuko kazini, atakuja.

Endelea hivyohivyo mwanangu. Usiangalie pembeni.

Mama yako


Tegeta
6 Mei 2024

Kwa Bi Mwanaasha,

Shikamoo. Wito wa tatu ulipita tarehe 3 Aprili. Nilikaa mwenyewe mpaka ofisi ilipofungwa, kwa sababu sikutaka kuamini.

Jalada limekwenda mahakamani pamoja na ripoti yetu, na ripoti inasema familia haijaonyesha nia. Nimeiandika mimi. Mwalimu Kamugisha amepata uhamisho kwenda Bukoba, yeye na mkewe wameomba kuendelea kumlea Najat moja kwa moja. Hawana mtoto. Ni watu wazuri, mama, hilo siwezi kukudanganya. Shauri litasikilizwa Jumanne tarehe 28 Mei, saa tatu asubuhi. Bibi mzaa mama akisimama mbele ya hakimu siku hiyo, atasikilizwa kabla ya watu wengine wote. Hii ndiyo nafasi iliyobaki.

Yasmini bado hajui. Braza Suhaib anasema habari kama hii kwa mtu wa miezi minne inaweza kumrudisha alikotoka. Nimenyamaza, na kila Jumamosi nikienda kule nashindwa kumwangalia usoni.

Adelina Valerian


Kunduchi
10 Mei 2024

Mwanangu Adelina,

Nakusihi kwa Mungu unayemwabudu. Isogezeni siku. Siombi mwezi, naomba wiki moja tu. Nipeni tarehe 4 Juni. Tarehe 4 Juni asubuhi nitakuja popote mtakaponiambia, mahakamani, Tegeta, Goba kwa miguu. Usiniulize kwa nini.

Mwanaasha


Tegeta
13 Mei 2024

Mama,

Siku za mahakama sizipangi mimi. Nilimuuliza karani, akaniuliza sababu, nikakosa cha kumjibu. Ukinipa sababu nitarudi kwake leo hii.

Kama huna, basi ni tarehe 28.

Adelina


Tegeta, ofisini kwako
4 Juni 2024

Mwanangu Adelina,

Nimefika. Nakuandikia kwenye benchi la mapokezi, wamesema uko nje kwa jambo la mtoto mwingine na huenda usirudi leo. Dada Hija wa hapa mbele ndiye aliyenipa karatasi na maji ya kunywa. Ndiye pia aliyeniambia kwamba hakimu alitoa amri siku ileile ya 28, na kwamba Najat alipandishwa ndege Jumamosi.

Akaniangalia nguo, akaniuliza swali moja tu. "Mama, ulikuwa eda?" Nikaanza kulia mbele za watu kama mtoto.

Nilikuwa eda. Miguu yangu mizima. Mwaka jana mwezi wa tano niliolewa na Mzee Kondo, baba yake marehemu Mashaka, babu yake Najat. Yule mzee alikuja kwangu kuomba radhi kwa ajili ya mwanawe, nikamfukuza. Akarudi, nikamfukuza. Mara ya tatu alikuta paa langu linavuja, akapanda juu bila kuniuliza. Tulikuwa wajane wawili tuliopotelewa na watoto, yeye wake kaburini na mie wangu vichochoroni, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye habari zao. Shehe alituozesha sebuleni kwangu na mashahidi wawili, mlango umefungwa, kwa sababu nilimwapia Yasmini. Mume wangu akawa anakuja asubuhi na kuondoka alasiri kama fundi.

Tarehe 27 Januari alianguka akitia udhu. Siku nne kabla ya kikao chenu. Wanawe walimzika Bunju, hawakunitambua. Cheti cha ndoa kilikuwa kwenye mkoba wake, wakasema hawajakiona. Laini yangu ya simu ilikuwa kwa jina lake, wakaichukua. Dada yao mkubwa aliniambia mbele ya watu, wewe si mke wa mtu. Nikasema moyoni, sawa. Nikarudi nyumbani nikakaa eda yangu, miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo, bila kupunguza hata saa. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba nilikuwa mke wake.

Ninajua unachotaka kuuliza. Mjane mwenye dharura anaruhusiwa kutoka mchana. Ninajua, na shehe asingenikataza. Sikumuuliza. Fomu yako niliiona kwenye bahasha ya kwanza, mstari wa tatu unauliza hali ya ndoa. Ningeandika nini? Ningeandika mjane wa Kondo, Yasmini angeisoma, angejua mama yake kala kiapo akakitapika, angeruka ukuta wa soba usiku huohuo. Nikaona bora mniite mwongo wa miguu.

Na Mzee Apolinari mniombee radhi. Sikujificha kwa ubaya. Mjane aliye eda hatoki sebuleni kupokea mwanamume mgeni.

Kosa langu jingine ni kwamba niliwafanyia hesabu. Karatasi ya kwanza ya serikali niliyoingoja maishani mwangu ilichukua miaka mitatu. Nikajiambia na la Najat litachelewa tu, mpaka Juni watakuwa bado wanatafuta mhuri. Sikujua kwamba nyie mnafanya kazi yenu vizuri.

Kigauni nimekiacha kwa Hija. Kilishonwa Januari, sijui kama bado kitamwenea.

Mwanaasha binti Omari


Tegeta
11 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeichelewesha barua hii siku saba kwa sababu kila nikianza nachana.

Hija ana miaka saba kwenye meza ile. Ripoti ya Mzee Apolinari ilipita mikononi mwake ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza ripoti zote zifungwe, kulinda siri za familia. Nilipomsomea juzi hakunipa nafasi ya kumaliza. Bibi, chumbani, mgeni wa kiume, tarehe 4 Juni. Alisema, "Adelina, ungeniuliza." Hakugomba. Alirudi kujibu simu.

Kwetu Ndanda mjane anavaa nguo nyeusi na anakwenda shambani kama kawaida. Nimeishi Dar miaka kumi na moja, nimekula pilau kwenye misiba ya Waislamu sijui mara ngapi, nikaondoka bila kuuliza aliyebaki chumbani anabaki mpaka lini. Nilikuwa na wanawake wanne ofisini ambao ningeweza kuwatuma kwako. Nilimtuma Mzee Apolinari kwa sababu ndiye mwenye baiskeli.

Nimezunguka kwa kila mtu ninayemjua. Amri inaweza kuombwa ipitiwe upya, lakini mwombaji lazima awe Yasmini mwenyewe, baada ya mwaka mzima nje ya soba akiwa na makazi ya kudumu, na kabla ya hapo haruhusiwi kumtembelea mtoto. Wakati huo watamwangalia Najat amezoea wapi. Nimeshaona mashauri ya namna hiyo na ninajua yanavyokwisha. Sitakupa tumaini ambalo mimi mwenyewe sina.

Niliwasindikiza uwanja wa ndege. Najat hakulia. Alikuwa ameshika mkono wa mama Kamugisha na alimwita mama mara mbili mbele yangu.

Mkurugenzi ameagiza tuongeze swali moja kwenye fomu, kuhusu msiba na desturi ya nyumba. Tumeliongeza.

Yasmini anatoka tarehe 2 Julai na anaamini mtoto yuko kwako. Nilitaka kumwambia mimi, nikakumbuka nilikwishamwandikia uongo wa adabu, na wewe ukamwandikia wako. Mwandikie, mama. Mwambie yote. Nitaibeba barua mwenyewe na nitakaa naye mpaka aimalize.

Adelina


Mjimwema
27 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya kurasa sita Adelina aliileta Jumamosi. Alikaa mbele yangu kweli, ameshika ile bahasha. Braza Suhaib alikwenda kufunga geti kwa kufuli akidhani nitakimbia. Nilibaki nimekaa.

Nilijua, mama.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuja Kunduchi. Sikuja kukuamkia, nilikuja kuiba, nilikuwa naitaka ile sufuria yako kubwa ya shughuli. Nikapita uchochoro wa nyuma. Nikamwona Mzee Kondo uani kwako, kifua wazi, amekalia mbuzi anakuna nazi. Wewe umekaa juu ya ndoo unamwambia anakuna vibaya, anatia na ganda. Ulikuwa unacheka. Tangu nipate akili sijawahi kukusikia ukicheka vile. Na mwanamume haketi uani kwa watu anakuna nazi kama si mume. Nikasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, halafu nikaondoka mikono mitupu. Hasira yangu na yule mzee iliishia palepale, mama. Nilimuonea wivu tu kwamba yeye amepata pa kukaa.

Nikasema sitamwambia, mama ana haya, siku akiwa tayari atasema mwenyewe. Nikaendelea kusema hivyo mpaka huku soba. Ungeniandikia mstari mmoja Januari, Kondo amefariki niko eda, ningemwita Adelina siku ileile na hicho kikao wangekuja kukifanya chumbani kwako, wanawake watupu, na vitumbua. Na mie ningeandika mstari mmoja tu, najua. Sikuuandika. Wiki nzima natafuta mtu wa kumchukia, namkosa. Adelina alifuata utaratibu. Mwalimu na mkewe wanampenda. Wewe ulinistahi mie, mie nikakustahi wewe. Mtoto kaenda Bukoba.

Ila ile barua yako ya Ramadhani inanisumbua. Tambi mdomoni, mguu ukutani. Nilikuwa naisoma kila asubuhi kabla ya kikundi, karatasi imechanika kwenye mikunjo. Arosto ikinirudia naisoma. Siku mia moja nimezishinda kwa ajili ya mtoto aliyelala kwenye kitanda ambacho hakukilalia. Sijui sasa hizo siku ni zangu au ni za nani.

Pole kwa msiba, mama. Najua hakuna mtu aliyekupa pole. Mungu amrehemu Mzee Kondo, alikukunia nazi vizuri, ulikuwa unamsingizia.

Natoka Jumanne. Adelina amenitafutia chumba Tegeta na kikundi cha wanawake cha kila Alhamisi, ameniandikia kwenye karatasi mpaka rangi ya mlango. Anajitahidi, maskini. Nimemwitikia yote.

Wewe usije getini. Ukitoka hapa barabara inagawanyika, kushoto unakwenda kivukoni, kulia ndiko watu wangu wa zamani wanakouzia unga. Nimejaribu wiki nzima kujiona nakata kushoto na sijioni. Sitaki uwe umesimama pale unaangalia.

Yasmini